Taa za onyo kwenye njia ya Likasi

Lori lilitoka upande wa Likasi, huku kwetu Katanga nchini Kongo, na mabamba ya shaba mgongoni, likatuwashia taa mara mbili, likapita. Shofere wetu hakuhitaji maelezo. Aliondoa mguu kwenye mafuta, mshale ukashuka kutoka 130 hadi 60, naye akainua mkono kumshukuru mwenzake. Mama mdogo, aliyekaa kiti cha mbele, akasema kwa sauti, "Mungu amubariki ule baba."

Tuliwapita polisi wa rulaje, wale wa barabarani, kwa adabu kubwa. Walikuwa wawili chini ya mwembe, mmoja na filimbi, mwingine na daftari. Hawakutusimamisha. Walipopotea tu nyuma ya kona, mshale ulirudi kulekule ulikokuwa, na muda mfupi baadaye tulikuwa tumelisogelea lori jingine, shofere akimwuliza mama mdogo, "Mama, kuko nini mbele?" Usukani wake uko kulia, na sisi huku tunaendesha kulia, kwa hiyo anayeiona barabara kabla ya kulipita lori ni abiria.

Mama mdogo akachungulia. "Pita," akasema.

Tukapita.

Mwendo wenyewe haukunishangaza. Anayesafiri kati ya Lubumbashi na Likasi ameuzoea. Iliyonikaa rohoni wiki zote hizi ni ile baraka. Dereva wa lori alitutendea wema, na gari zima tuliupokea kama wema, mimi nikiwemo. Je, ulimwokoa nani, na ulimwokoa na nini?

Kibao ni cha nani

Pale tulipopunguza mwendo kuna kijiji. Kuna shule kando ya barabara, kuna mama wanaouza mahindi na uyoga, kuna wanaume wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala, yaani mkaa, hadi huoni kichwa cha mtu, unaona miguu tu. Kibao cha 60 kiliwekwa kwa ajili ya hao. Taa zile mbili zilituambia tuwape mwendo wao kwa mita mia chache, polisi waushuhudie, kisha tuwanyang'anye.

Gari linalokwenda 80 kwa saa linameza mita 22 kila sekunde. Likienda 120, linameza 33. Sekunde moja ndiyo muda wa mtu kuona mbuzi au mtoto na kuanza kukanyaga breki, na hapo breki bado hazijafanya kazi. Zikianza kufanya kazi, umbali wa kusimama hauongezeki kwa kadiri ileile ya mwendo: ukiongeza mwendo mara moja na nusu, umbali wa breki unazidi mara mbili. Hapo nazungumzia gari dogo lenye matairi mazima kwenye lami kavu. Lori lenye tani 30 za shaba, mvua ya Januari ikinyesha, ni hesabu nyingine.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwendo wa wastani barabarani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua inapanda kwa asilimia 4. Na bara letu, lenye magari machache kuliko mabara mengine, ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo vya barabarani ukilinganisha na idadi ya watu.

Tunapata nini kwa kubadilishana? Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120. Kwa 80 ni saa moja na nusu. Kwa 120, kama hakuna hata lori moja mbele yako, jambo ambalo sijawahi kuliona, ni saa moja. Nusu saa, basi, na sehemu kubwa ya hiyo nusu saa inaliwa na foleni ya peaje, pale tunapolipia barabara.

Hayo yote niliyajua hata siku ile, na bado niliitikia "Amina" baada ya mama mdogo.

Kwa sababu hakuna mtu ndani ya gari aliyewaza kwamba wale wawili chini ya mwembe walikuwa pale kwa ajili ya mtoto wa shule.

Anayesimamishwa

Sheria tunayoitumia barabarani ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Sheria ipo, vibao vipo, polisi wapo. Mwenye filimbi, hata hivyo, hana kitu cha kupimia mwendo. Ana macho yake. Na kinachopimwa kwa macho kinazungumzwa.

"Ulikuwa unakimbia."

"Shefu, nilikuwa na 70."

"Nani alikuona na 70?"

Kutoka hapo kila mtu anaijua njia: karatasi za gari, asiransi (bima), kizimamoto, permi (leseni), na mwisho pesa ya sukre, yaani ya soda. Mwendo ulikuwa mlango wa kuingilia tu.

Nimewatazama wanaosimamishwa. Ni taksibisi, yale mabasi madogo ya abiria, zenye magodoro juu ya paa, ni vigari vya wafanyabiashara wadogo wanaotoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mafuta ya kupikia, ni motari wa pikipiki aliyebeba watu wawili. Gari kubwa lenye vioo vyeusi linapita na upepo wake, na mkono unaoinuka hapo ni wa heshima. Shofere mmoja mzee, anayeijua njia hii tangu ilipokuwa mashimo matupu, alinieleza bila kuzunguka: "Mwanangu, ukienda polepole banakusimamisha. Ukikimbia banaruka pembeni."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Maana yake ni kwamba kutii kuna gharama na kukimbia kuna faida. Ukitii kibao unakuwa mtu wa kukamatika kwa urahisi. Basi ile taa ya onyo inaeleweka: madereva wanalindana dhidi ya kuporwa, na sina moyo wa kuwalaumu. Lakini ngao hiyohiyo inamfunika pia yule anayestahili kukamatwa, na mtoto wa shule hana wa kumwashia taa.

Pikapu za 80

Kilichonigeuza mawazo ni kitu ambacho macho yangu yalikuwa yameshakiona mara nyingi bila kukiuliza swali.

Kwenye njia ya Likasi na Kolwezi kuna pikapu nyeupe zenye bendera ndogo nyekundu au ya machungwa juu ya mlingoti, magari ya watu wa migodi na wale wanaoifanyia migodi kazi. Hizo haziendi zaidi ya 80. Kila mtu anazipita. Zinapigiwa honi, zinatukanwa, na haziongezi. Hakuna polisi, hakuna kibao, barabara nyeupe mbele yao, na bado ni 80.

Shemeji yangu anaendesha mojawapo. Nikamwuliza, "Shemeji, unaogopa rulaje kiasi hicho?"

"Rulaje gani? Niko naogopa ile kitu yenye kuwa mu gari."

Kuna kifaa kinachosoma mwendo na kuupeleka ofisini. Akizidisha, kinalia. Asipopunguza, jina lake linaonekana. Siku moja alizidisha kidogo alipokuwa akilipita lori, na kesho yake asubuhi karatasi ilikuwa mezani ikimsubiri, na saa na mahali. Hakupigwa faini. Hakufokewa. Aliulizwa kwa nini, akajibu, akatia sahihi.

"Basi, ni hiyo tu?" nikauliza.

"Ni hiyo tu. Lakini ni kila mara."

Halafu akaniambia, bila kuona aibu, kwamba Jumapili na gari lake mwenyewe anakwenda kama wengine wote.

Mtu ni yuleyule. Barabara ni ileile. Kibao ni kilekile.

Nilikuwa nikiamini, kama wengi wetu, kwamba watu wa huku wanahitaji adhabu kali: kunyang'anywa permi, kufungwa, faini ya kuumiza. Shemeji hakuogopa adhabu kali. Aliogopa adhabu ndogo ambayo haikosi. Polisi wa chini ya mwembe anaweza kukudai fedha nyingi kuliko mshahara wako wa wiki, na bado hakuna anayepunguza mwendo kwa ajili yake, kwa sababu kesho hayupo, na keshokutwa utaonywa kwa taa.

Kuna jambo moja linaniuma katika habari hii. Mgodi unahesabu mwendo kwa sababu unahesabu hasara yake: gari, mzigo, bima, siku za kazi zilizopotea. Mtoto wa kijijini anafaidika, lakini hakuna aliyemwandika katika hesabu. Siku ambayo kifaa kile kitaonekana ni ghali, hakuna atakayekiweka kwa ajili yake.

Wenye barabara za kasi

Kila tunapozungumza mambo haya katika familia kuna mjomba atakayesema, "Ujerumani hakuna kikomo." Ni kweli, sehemu kubwa ya barabara zao za kasi haina kikomo cha lazima, kuna 130 ya kushauri tu, tangu 1978. Lakini barabara zile zina ukuta katikati, hazina baiskeli, hazina mtu anayevuka na beseni kichwani. Njia yetu ina mstari mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na kando yake ndiko kunakofanyika soko.

Kilichonivutia zaidi ni habari za nchi zenye vikomo vikali, kwa sababu ukali wao sio ule niliokuwa nao kichwani.

Uingereza kikomo cha barabara za kasi ni maili 70 kwa saa, karibu kilomita 112. Mwongozo wa wakuu wa polisi unaongeza asilimia 10 na maili mbili juu kabla ya kukuchukulia hatua, yaani 79. Ufaransa, kwenye autoroute za 130, kamera isiyohama inapunguza asilimia 5 kwenye kipimo kabla ya kukuandikia, na tangu Januari 2024 aliyezidisha chini ya kilomita 5 anatozwa faini lakini hapotezi pointi ya permi. Wanasamehe, basi. Wanasamehe wazi kabisa.

Msamaha wao umeandikwa. Unajulikana kabla hujatoka nyumbani, na ni uleule kwa mwenye vioo vyeusi na mwenye godoro juu ya paa.

Wa kwetu una bei, na bei inategemea uso wako.

Sitaki kuwachora wenzetu kama malaika. Ufaransa walianza kuweka kamera za kujiendesha zenyewe mwaka 2003, na vifo vya barabarani, ambavyo mwaka 1972 vilizidi 16,000, siku hizi ni zaidi kidogo ya 3,000 kwa mwaka, ingawa hapo pana pia kazi ya mikanda, ya sheria za pombe na ya magari bora. Hata hivyo, wakati wa maandamano ya wananchi waliovaa vizibao vya njano, mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019, zaidi ya nusu ya kamera hizo ziliharibiwa. Watu wengi walisema ni mashine za kuwakamua. Maneno hayo ningeweza kuyasikia Lubumbashi, katika mitaa ya Kenya au Katuba, leo jioni.

Dodani

Vijiji vingine vimechoka kusubiri. Vinajenga dodani, yaani matuta ya barabarani, vyenyewe, kwa udongo na mawe, wakati mwingine saruji, bila kibao wala rangi. Hakuna taa ya onyo inayosaidia hapo, wala cheo. Vioo vyeusi vinapunguza mwendo sawa na taksibisi.

Nawaelewa kabisa. Wamechukua kibao kilichokuwa chao na kukifanya kuwa kitu kinachogonga chini ya gari.

Lakini usiku motari haioni dodani. Gari linalompeleka mama mjamzito Likasi haliwezi kuiruka. Na lori lililopakiwa kupita kiasi likifunga breki ghafla, la nyuma linaingia ndani yake. Ukali wa dodani hauchagui, na hilo ndilo zuri lake na ndilo baya lake.

Peaje mbili

Kuna njia ya kupima mwendo ambayo taa za onyo haziwezi kuishinda. Hawakupimi mahali pamoja. Wanaandika saa uliyoingia sehemu fulani ya barabara na saa uliyotoka, wanagawanya. Italia wana mfumo wa namna hiyo kwenye barabara zao za kasi tangu 2005. Afrika Kusini waliuanza 2011 kwenye barabara ya R61, kati ya Beaufort West na Aberdeen, umbali wa kilomita zaidi ya 70. Pale hakuna maana ya kupunguza mbele ya polisi na kuongeza ukishampita. Umekimbia njia nzima au hukukimbia.

Na sisi tuna peaje. Tunasimama, tunalipa, tunasonga, tunasimama tena. Saa ya kupita ikiandikwa hapa na ikiandikwa kule, hesabu inayobaki ni ya mtoto wa shule ya msingi: kilomita 100 kwa dakika 50 ni 120.

Nilipofika hapo katika mawazo yangu nilifurahi, na furaha haikudumu.

Nani atashika hiyo karatasi? Kama ni mtu yuleyule anayeomba sukre, nimempa kitu ambacho hakuwa nacho: ushahidi. Zamani nilikuwa naweza kubisha. Sasa atanionyesha namba, na bei itapanda. Ukali ukiongezwa mahali ambapo adhabu inalipwa mkononi, kinachoongezeka ni pesa ya mkononi. Kwa hiyo nimefika mahali ninaposema wazi: afadhali mwenye filimbi abaki bila mashine, kama mashine yenyewe itakuwa mikononi mwake. Namba itoke peaje iende mbali na barabara, kwa mwenye gari, kwa jina lake, na yeye alipe mahali penye risiti.

Kwa mwenye gari, narudia.

Kasumbalesa niliongea na dereva wa Mbeya aliyekuwa akisubiri forodha na malori mengine yaliyojipanga hadi usione mwisho. Alinieleza kwamba kwao, akiingia kijijini, anashuka hadi 50 bila kuambiwa, kwa sababu trafiki wana tochi za kupimia mwendo, na mabasi ya abiria yanafuatiliwa kwa mitambo na wakala wa serikali. Nikamwuliza mbona akivuka kuja kwetu anabadilika.

"Dada, foleni hii imeshanilia siku. Tajiri anahesabu safari, hahesabu foleni. Nikitoka hapa nazifidia wapi? Barabarani. Na huku nani ananisoma?"

Alikuwa mtu mpole. Alikuwa na picha ya watoto wake kwenye kioo cha mbele. Sikuona mtu wa kumtia adabu. Niliona mtu aliyepewa hesabu isiyowezekana na aliyempa hesabu hiyo amekaa mahali salama.

Februari 2019, karibu na Tenke, lori la tindikali ya mgodini liligongana na magari mengine, na watu wasiopungua 18 walikufa, wengine kwa kuchomwa na tindikali yenyewe. Oktoba 2018, upande wa pili wa nchi, kule Mbuba kwenye njia ya Matadi, lori la mafuta liligongana na gari jingine na moto ukaua watu wasiopungua 50. Kama kuna mahali pa kuanzia, naona ni kwa malori ya tindikali na ya mafuta: kifaa kama cha shemeji yangu, na namba zake zisiishie ofisini kwa tajiri.

Bei

Swali la mwisho nililiuliza katika kituo cha taksibisi, wakati gari likisubiri kujaa. Kama gari hili lingewekewa kifaa, likaenda 80 tu, safari za siku zikapungua, na nauli ikapanda, mngekubali?

Konda alisema hapana kabla sijamaliza. Kijana mmoja alisema yeye ana haraka, na nilipomwuliza haraka ya nini alinyamaza. Shofere alisema angekubali kama magari yote yangewekewa, lakini peke yake hapana, atabaki bila abiria. Nadhani yeye ndiye aliyesema neno la maana kuliko wote.

Mama mmoja mwenye magunia mawili ya unga aliuliza nauli itapanda kwa kiasi gani.

Nikamwambia sijui, labda robo.

"Robo," akasema, akaanza kuhesabu kwenye vidole: unga, nauli ya kurudi, ushuru wa soko. Alihesabu muda mrefu. "Na ba taksibisi yote?"

"Yote, mama."

"Na ile ya ba shefu?"

Nikamwambia hiyo pia, ndiyo maana ya kitu chenyewe.

"Kama na ya ba shefu, mi nalipa," akasema, akamwita konda aje apandishe magunia.